FUNDI WA NYUMBANI: Jino Moja la Kekee, Matundu Mengi

Mlango mpya wa mvule ni mali. Askari anayejenga nyumba yake kwa akiba ya utumishi wa miaka mingi hununua mbao, humlipa seremala, kisha huenda dukani kutafuta kitasa. Na siku hizi kinachopatikana kwa wingi ni kile cha mviringo kinachozungushwa kwa kiganja. Kitasa hicho hudai tundu lenye kipenyo cha milimita 54 katika uso wa mlango. Msumeno wa duara wa umeme hulikata upesi, lakini umeme haujafika kila kijiji, na wenye msumeno huo hawakuazimi bure. Anayejaribu kwa patasi peke yake hupata tundu lenye meno, kitasa hucheza, na mlango wa thamani huharibika kabla haujafunga usiku mmoja.

Hata hivyo, katika masanduku ya vyombo vya wazee huonekana mara nyingine chuma cha ajabu kidogo, kimejaa kutu, ambacho vijana hukitupa kwa kuwa hawakijui. Hilo ni jino la kekee la kupanuka. Jina la kekee lenyewe ni la kale: mafundi wa pwani walikiita hivyo chombo chao cha kutobolea kilichozungushwa kwa uta, kabla ya kuja kekee ya chuma yenye mkono uliopinda. Jino la kupanuka lilipata umaarufu kwa Mmarekani William A. Clark, aliyepewa haki ya uvumbuzi wake mwaka 1858. Majino ya namna yake yalitengenezwa kwa ukubwa wa aina mbili: dogo la kutoboa tangu nusu inchi hadi inchi moja na nusu, na kubwa la kutoboa tangu inchi 7/8 hadi inchi 3, yaani milimita 22 hadi 76. Tundu la kitasa limo humo.

Muundo wake si mgumu. Mbele kabisa ipo skurubu ndogo iliyochongoka, ambayo huuma ubao na kukivuta chuma ndani. Juu yake kuna mfuo uliokatwa kukingama, na ndani ya mfuo hutelezeshwa kisu, kikakazwa kwa skurubu nyingine kwa bisibisi. Mwisho wa kisu umesimama ukucha, ambao huchora duara na kukata nyuzi za mti. Nyuma ya ukucha upo mdomo, ambao hunyanyua maranda.

Kutu iondolewe kwa subira. Chuma kilazwe usiku kucha katika mafuta ya taa, kisha kisuguliwe kwa brashi, na mfuo usafishwe mpaka kisu kiteleze bila kukwama, kwa sababu uchafu uliobaki humo ndio unaofanya kisu kisogee katikati ya kazi. Skurubu iliyoganda itiwe mafuta, igongwe kidogo kidogo, ingojwe. Isitiwe motoni. Moto wa jiko huilegeza skurubu, ni kweli, lakini huulegeza na ugumu wa chuma, na kisu kilicholegea hakishiki makali tena. Skurubu ya mbele ikiwa imevunjika, jino hilo halina kazi. Kisu kikiwa kimepotea, bado lipo tumaini: fundi wa chuma hodari, kama walivyo wengi wa Katwe, anaweza kuchonga kingine kutokana na tupa kuukuu, akakigumisha, kisha akakirudishia moto kwa kiasi mpaka kipate rangi ya majani makavu.

Sasa huja kunoa, na hapa ndipo majino mengi ya aina hii yalipouawa. Ukucha hunolewa kwa tupa ndogo upande wa ndani tu. Ukipigwa tupa kwa nje, duara unalochora huwa dogo kuliko kisu kinachofuata nyuma, na chuma hubanwa ndani ya tundu. Mdomo nao hunolewa upande wa juu, ule unaoelekea kekee. Upande wa chini una mteremko uliopewa makusudi ili makali yaweze kushuka. Mteremko huo ukiondolewa, chuma hukaa juu ya ubao kikisugua, na mtu atasukuma hadi jasho limtoke bila kuona randa hata moja. Tena ukucha ubaki mrefu kuliko mdomo, la sivyo mti huraruliwa badala ya kukatwa. Mapigo machache ya tupa yatosha. Chuma kilichoondolewa hakirudi.

Katika kupima, yafaa kukumbuka kwamba kisu kikisogezwa milimita moja, tundu huongezeka milimita mbili. Kwa tundu la 54, hupimwa milimita 27 tangu ncha ya skurubu ya mbele hadi ncha ya ukucha. Mistari iliyochorwa kwenye kisu isiaminiwe sana baada ya kunolewa kwa miaka. Litobolewe kwanza tundu la majaribio katika kipande cha ubao kibovu, lipimwe.

Mlango ulazwe na kufungwa imara. Kwa kuwa jino hili hukata upande mmoja tu, hupenda kuyumba. Basi msaidizi asimamishe guni la seremala kando ya kekee na kuangalia kama imenyooka, kutoka pande mbili. Kekee yenye mkono mpana hupunguza taabu, hasa kwa mvule. Musizi hauna ubishi mkubwa. Izungushwe polepole, maranda yakitolewa. Mara ncha ya skurubu inapochungulia upande wa pili, kazi isimame, mlango ugeuzwe, na tundu limaliziwe kutoka huko ili uso usibanduke. Huko skurubu haina tena mti wa kutosha kuuma, kwa hiyo kekee hukandamizwa kwa uzito wa mwili. Tundu la ulimi wa kitasa, ukingoni mwa mlango, ni afadhali litobolewe kwa jino la kawaida la inchi moja, kwani hilo hujiongoza lenyewe.

Wapo wanaokata mkia wa pembe nne wa jino hili ili liingie katika mashine ya umeme. Ni hatari tupu: skurubu huvuta kwa nguvu, kisu cha upande mmoja hukwama ghafula, na mashine humgeukia aliyeishika na kumvunja kifundo cha mkono.

Kazi ikiisha, jino lipanguswe, lipakwe mafuta na kufungwa katika kitambaa pamoja na kisu chake cha pili, ambacho ndicho hupotea kwanza.