Gari la plagi, mtaa usio na soketi

KONA YA JOGOO ROAD
Na Rashidi Otwori

Haibridi ya kuchomeka ni gari la mtu mwenye geti lake. Nalisema hili mapema ili wa kukasirika akasirike sasa, maana najua wapo wasomaji wangu wa Shauri Moyo na Makongeni waliokopa chamani wakanunua moja, na deni bado wanalo.

Magari haya yameongezeka kuliko watu wanavyodhani. Pita Soko la Burma hapa Nairobi saa kumi na moja alfajiri, wakati misumeno ya mifupa imeanza kulia na mapaja ya ng'ombe yanashushwa. Kati ya Probox na pikapu zilizoegeshwa kuelekea City Stadium hukosi Mitsubishi Outlander yenye vifuniko viwili ubavuni: kushoto cha petroli, kulia cha waya wa stima. Mwenyewe utamkuta ndani ya soko na koti jeupe lenye damu, anapima maini. (Wazee husimulia kwamba soko hili lilipata jina kwa ajili ya askari wa King's African Rifles waliopelekwa Burma kupigana na Wajapani mwaka 1944. Wangeyaona maegesho ya leo, sijui wangesema nani alishinda.)

Kwa asiyeyajua, haibridi ya kawaida kama Toyota Aqua hujitengenezea umeme wake kwa injini na kwa breki; kazi ya dereva ni kutia mafuta tu. Ya kuchomeka ina betri kubwa zaidi inayotakiwa kujazwa kutoka ukutani. Outlander iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 2013 ilikuja na betri ya uniti 12, uniti hizi hizi tunazonunua kwa tokeni. Matoleo ya baadaye yakafika 13.8. Betri ikijaa, gari hutembea kwa mota, injini imelala, na ikikaribia kuisha petroli hushika zamu. Vipimo vya Japani viliipa Outlander ya kwanza kilomita 60 za umeme. Barabarani, ikiwa mpya, arobaini ni haki yake. Inayotufikia sisi si mpya. Sheria yetu inaruhusu gari lililotumika hadi miaka minane, na betri huzeeka hata ikiwa imeegeshwa bandarini ikisubiri meli. Tuseme thelathini, na tumshukuru Mungu.

Kilomita thelathini kwa mtu wa Istilandi, mitaa hii ya mashariki ya Nairobi, ni siku nzima. Kutoka Buruburu hadi Burma ni safari fupi ambayo ingekuwa ya dakika kumi kama si Jogoo Road. Ukiongeza kwenda Kiamaiko kuangalia mbuzi na kurudi, kisha nyumbani jioni, betri bado ina kitu. Na hapo kwenye msongamano ndipo gari hili linaponikosha kweli. Injini ya kawaida ya lita 2 ikikwama kwenye mzunguko wa City Stadium inaunguza petroli ikiwa imesimama, kiyoyozi kinaunguza nyingine, na matatu iliyo mbele yako inashusha abiria katikati ya barabara bila haraka yoyote. Mota ya umeme ikisimama haili kitu zaidi ya kiyoyozi na redio. Hakuna moshi, hakuna mtetemo, na gia hazikusumbui. Aliyebuni mashine hii hakuwa anawaza Jogoo Road, lakini sijaona barabara inayoistahili kuliko hiyo.

Safari ya kichinjio cha Dagoretti ni jambo jingine. Ukishavuka jiji zima na kurudi, betri imeisha njiani na unaburuta uzito wake kwa petroli. Haya yanavumilika, kwa kuwa ndivyo gari lilivyoundwa. Lisilovumilika ni lile linalotokea usiku.

Usiku gari linalala wapi? Buruburu ilijengwa kuanzia miaka ya 1970 kwa ajili ya watu waliotarajiwa kuwa na gari. Kila korti ina njia yake, nyumba ina kauwanja, na soketi haiko mbali na mlango. Teremka Jogoo Road hadi Kaloleni, Maringo au Makongeni. Mitaa hiyo ilijengwa wakati wa mkoloni kwa ajili ya wafanyakazi wa reli na wa manispaa, watu ambao hakuna afisa aliyewaza kwamba siku moja wangeshika usukani wa gari lao wenyewe. Gari linalala uwanjani chini ya mti, au kando ya barabara kwa mlinzi anayelipwa kwa usiku. Kutoka hapo hadi soketi iliyo karibu kuna ukuta, dirisha la jirani, kamba ya kuanikia nguo na watoto wanaocheza kalongolongo.

Wako waliojaribu. Mwenye bucha mmoja, rafiki yangu, alikuwa akipitisha waya dirishani kila usiku. Waya wa kuchajia uliokuja na gari ulikuwa na plagi ya Kijapani ya volti 200 isiyoingia kwenye soketi yoyote ya nchi hii. Fundi akaikata, akafunga plagi yetu ya pini tatu. Plagi ya ampea 13 imetengenezwa kwa pasi na birika, vitu vya dakika chache. Kuvuta ampea kumi na kitu kwa saa nne au tano mfululizo, kupitia waya wa kuongezea wa bei ya chini, ni kuomba moto. Plagi yake iliyeyuka, harufu ikaamsha ploti nzima, na mwenye nyumba akampa onyo la maandishi. Hakumwonea. Gari la namna hii linataka laini yake kutoka kwenye boksi la mita, swichi yake ya kukata umeme na waya wa ardhini unaofanya kazi. Sasa mwambie mpangaji wa chumba kimoja aombe ruhusa ya kufunga hayo yote.

Tangu siku hiyo rafiki yangu amegeukia kitufe. Outlander ina kitufe kinachoiamuru injini ichaji betri wakati gari linatembea au hata limesimama. Kilikusudiwa kwa dharura, au kwa mtu anayetaka kuingia katikati ya mji bila kelele. Pale Burma watu wamekifanya ndio soketi. Asubuhi wanakibonyeza Donholm, injini inanguruma, petroli inageuzwa kuwa umeme, umeme unaingia betri, kisha kwenye msongamano unatoka betri na kugeuzwa kuwa mwendo. Kila hatua ya mageuzi hayo ina kinachopotea. Nilipomuuliza rafiki yangu gari linakulaje mafuta, alinijibu bila kuinua macho kwenye mzani: "Ndugu yangu, afadhali ile Probox yangu."

Hatuko peke yetu. Machi 2024 Tume ya Ulaya ilitoa takwimu za magari yaliyopimwa barabarani badala ya maabara, na haibridi za kuchomeka zilikuwa zikitoa hewa ya kaboni mara tatu na nusu ya kiwango kilichoandikwa kwenye vyeti vyake. Sababu kubwa ni kwamba wenyewe hawachomeki inavyodhaniwa. Uingereza ilishaondoa ruzuku ya magari haya mwaka 2018. Tofauti yetu na wao ni moja: Mzungu aliyepewa gari na kampuni, na mafuta yakalipwa na kampuni, ana soketi ila ni mvivu. Rafiki yangu angechomeka kila usiku akiwa na mahali pa kuchomeka.

Tupige hesabu, maana Burma hakuna anayenunua bila kupiga hesabu. Nachukua petroli kwa shilingi 180, bei ambayo Nairobi iliikaribia mwishoni mwa 2024, ingawa Oktoba 2023 tulilipa 217.36 na hatujasahau. Gari la petroli la ukubwa huo, kwenye msongamano wetu, likikupa kilomita nane kwa lita umshukuru. Kilomita 30 ni karibu shilingi 680. Betri ya Outlander hiyo kuukuu itavuta kama uniti kumi ukutani. Uniti moja ya nyumbani, ukishajumlisha kodi na nyongeza zote, iweke shilingi 30. Umetumia 300. Faida ipo na inaonekana.

Lakini stima ya nyumbani ina mtego wake. Tangu Aprili 2023 bei ya uniti hupanda kwa ngazi: wa uniti 30 kushuka chini, wa hadi 100, na wa zaidi ya 100 kwa mwezi. Familia ya Maringo yenye taa, televisheni na friji ndogo ilikuwa imetulia kwenye ngazi ya katikati. Ongeza gari linalovuta uniti kumi kila usiku na umeipandisha ngazi ya juu kabisa, na hapo hata uniti za friji zinalipiwa kwa bei mpya. Kama mita ni ya ploti nzima, majirani wanakulipia gari bila kujua, mpaka siku watakapojua.

Kinachoudhi ni kwamba dawa imeshaandikwa. Mwaka huo huo wa 2023, EPRA, mamlaka inayodhibiti nishati, iliidhinisha bei maalumu ya umeme wa magari: shilingi 16 kwa uniti, na 8 saa za usiku mtambo ukiwa hauna kazi nyingi, kabla ya tozo. Ilipangiwa mteja mwenye mita ya peke yake anayetumia kati ya uniti 200 na 15,000 kwa mwezi. Isome tena sentensi hiyo na uniambie ni nani Kaloleni anayelengwa. Kodi nayo ni vivyo hivyo. Mwaka 2019 ushuru wa bidhaa kwa magari ya umeme mtupu ulipunguzwa kutoka asilimia 20 hadi 10; haibridi ya kuchomeka yenye injini ya lita 2 ikabaki inatozwa kama ndugu zake wa petroli. Hili la ushuru silipingi. Gari ambalo huenda lisichomekwe hata siku moja halina haki ya kupewa zawadi ya kuchomekwa.

Nipitie haraka maswali ninayoulizwa sana. Kabla ya kununua, mwambie mwenye yadi aijaze betri ya gari mbele yako, kisha uangalie kioo kinakuambia litakwenda kilomita ngapi kwa umeme. Akikuambia chaja imepotea, ondoka. Zile nyaya za rangi ya chungwa chini ya gari zina volti karibu 300, kwa hiyo fundi wako wa miaka yote, hata akiwa shemeji yako, asiziguse kama hajasomea. Ukiona injini inawaka yenyewe na betri imejaa, usimlaumu shetani: Outlander ikikaa miezi mitatu bila kutiwa mafuta ya kutosha, huyachoma yaliyomo kwa makusudi yasiharibike tangini. Na ile soketi ya nyuma kwenye buti, inayotoa wati 1,500 katika baadhi ya magari, ni ya volti 100 za Japani. Stima ilipokatika nchi nzima Agosti 25, 2023, wengi pale sokoni wangetamani kuunganisha friza. Friza zetu ni za volti 240. Bila transfoma ya kupandishia, nyama yako itaharibika huku gari limejaa umeme.

Sasa turudi kwenye maegesho, kwa sababu nadhani tumekuwa tukiitafuta soketi mahali pasipo penyewe. Kila anayezungumzia magari haya anazungumzia nyumbani. Mfanyabiashara wa Burma anafika kabla ya jua na kuondoka mchana. Gari lake linasimama saa sita, saba, mahali pamoja, mbele ya soko ambalo tayari lina laini ya stima nzito ya kuendesha misumeno na friza, na ambalo kaunti inalijua vizuri kwa maana inakusanya ada humo kila siku. Saa tano zinatosha kuijaza betri ya uniti 12 kutoka sifuri kwa chaja ndogo ya ukutani, si ile mitambo mikubwa ya maduka ya kifahari ya Karen. Mita moja ya pamoja ikifungwa pale, ikahudumia magari, bodaboda za umeme na pikapu zijazo, itavuka uniti 200 bila shida na kuingia kwenye ile bei ya shilingi 16. Alipie mwenye gari kwa simu kama tunavyolipia kila kitu.

Vivyo hivyo kwa nyumba za bei nafuu zinazopanda Shauri Moyo, hatua chache kutoka sokoni. Ghorofa zinajengwa leo zikae miaka hamsini. Kupitisha bomba la waya hadi maegesho wakati saruji bado mbichi ni kazi ndogo. Kuja kupasua baadaye ni mradi mwingine, wenye zabuni nyingine na wakora wengine.

Mpaka hayo yatakapofanyika, ushauri wangu kwa anayelala na gari lake chini ya mti ni huu: nunua Aqua au haibridi nyingine ya kawaida, bakiza pesa kidogo. Na kwa Kaunti ya Nairobi na Kenya Power: anzeni na soketi kumi kwenye maegesho ya Burma, zenye mita, kwa bei ambayo EPRA ilishaidhinisha. Wenye bucha watalipa.