Subaru ya braza na ile koni ya 95,000

Nimepotea hapa kibarazani karibu wiki tatu, testi zilitubana vibaya na bando nalo likawa la kuombaomba. Haya, nimerudi. Leo sina habari za kantini wala za maji kukatika hosteli. Leo nataka kubishana na mtu mmoja, na nambishia hapa mbele ya watu kwa sababu kule chumbani kwake nimeshindwa.

Jamaa yangu wa ghorofa ya pili (simtaji, atajijua) karithi Impreza WRX ya zamani kutoka kwa mjomba wake. Bumu limeingia. Jumamosi anakwenda Ilala kununua filta ya koni na ile valvu inayopiga "pssss" ukiachia mafuta. Anasema gari imechoka, haivuti, kwa hiyo inahitaji kupumua. Kila aliyewahi kusimama gereji nusu saa analijua hilo neno, kupumua. Gari ipumue, basi!

Mimi na yeye tuliwahi kuwa kitu kimoja. Mwaka jana, nikitoka BTP na vijisenti vyangu vya kujikimu, nilinunua koni ya shilingi 95,000 nikaifunga kwenye Subaru ya braza. Ni WRX stesheni, mtumba wa Japani, namba ya kitambo. Braza aliniachia funguo wiki mbili akiwa safarini, akaniambia "dogo, iangalie tu, usiiguse." Nikaigusa. Ile koni ni ya aina inayopakwa mafuta maalumu ili ikamate vumbi, na muuzaji akaniambia nipake mengi, ndiyo inachuja vizuri. Nikapaka kama mtu anayepaka mkate blubendi.

Siku mbili za mwanzo raha tupu. Mlio ule! Ukikanyaga inanguruma mpaka watu wa kituoni wanageuka. Nikajiaminisha kabisa kwamba inakimbia zaidi. Siku ya tisa ikaanza kukohoa, ikikaa kwenye taa inataka kuzima, na nikiibana kupanda kilima nasikia "ta-ta-ta" kama misumari ndani ya kopo. Fundi wa karibu na kwetu, mzee mmoja mtulivu sana, akafungua boneti, akachomoa sensa ya hewa, akanionyesha waya wake umefunikwa utando wa mafuta na vumbi.

"Mwalimu," akaniambia (ananiita mwalimu tangu ajue nasomea ualimu), "hii ndiyo pua ya gari. Umeipaka matope."

Niwaelezee kidogo, maana hapa ndipo kesi yote ilipo. Kwenye Impreza hizi za miaka ya 90, kompyuta ya injini inajua ni hewa kiasi gani inaingia kwa kutumia waya mdogo unaopashwa joto. Hewa ikipita inaupoza, na kompyuta inapima umeme unaohitajika kuurudishia joto lake. Waya ukiwa mchafu haupozwi vizuri, kwa hiyo kompyuta inadhani hewa ni kidogo na inaleta petroli kidogo. Petroli ikipungua wakati turbo inasukuma hewa nyingi, moto ndani ya silinda unakuwa mkali kupita kiasi na mchanganyiko unalipuka ovyo. Ile ta-ta-ta ndiyo hiyo. Ukiendelea nayo unatoboa pistoni, na injini ya Subaru haifunguliwi kwa bei ya daftari.

Mzee akasafisha sensa kwa dawa ya kupuliza, wapi, haikupona. Nikanunua nyingine ya mtumba, 140,000. Jumla ya "kupumua" ikawa 235,000, na gari imerudi pale pale nilipoachiwa. Braza aliporudi nilimwambia ukweli. Hakunigombeza, alikaa kimya tu chakula chote cha usiku, afadhali angenigombeza.

Sasa, kwa kuwa nasoma Fizikia na Hisabati na siku hizi nafundisha watoto wa watu mambo ya manometa, nikaona aibu. Mbona sikupima kabla? Manometa ni kitu cha sekondari jamani. Mpira mwembamba unaopitisha mwanga, uukunje uwe U, maji ndani yenye tone la wino. Jumapili moja alfajiri, mimi na braza (kashaanza kucheka tena) tukaunganisha upande mmoja kwenye bomba kati ya filta na turbo, tukaupitisha dirishani hadi ndani, nikaushika mapajani kama mtu aliyebeba dripu. Barabara nyeupe, gia ya pili, kanyaga mpaka chini, soma, achia. Tukarudia mara tatu kwa kila filta.

Filta ya karatasi ya zamani, chafu: maji yalipishana sentimita 30. Filta mpya ya karatasi, 25,000 dukani: sentimita 12. Koni yangu maarufu: sentimita 9.

Pigeni hesabu nami. Kanieneo la hewa tunayoivuta ni sawa na maji ya kimo cha sentimita 1,033 hivi. Kwa hiyo kutoka filta chafu kwenda filta mpya ya kawaida umeokoa sentimita 18, ambazo ni asilimia 1.7. Kutoka filta mpya kwenda koni umeokoa sentimita 3. Asilimia 0.3! Hiyo ndiyo pumzi niliyoinunua kwa laki mbili na ushee.

Na hata hiyo 0.3 inaliwa na joto. Boksi la kiwandani mdomo wake umewekwa mbali na joto la injini, koni yangu ilikuwa imekaa uchi chini ya boneti. Niliazima themometa, nikaiweka pale tukiwa kwenye foleni ya Mwenge. Nje nyuzi 31, chini ya boneti 62. Badilisha ziwe kelvini: 304 kwa 335. Hewa ya moto hivyo ina uzito pungufu kwa asilimia 9 kwa ujazo uleule. Najua, gari ikikimbia joto linashuka, na turbo inaipasha hewa tena kabla ya kupozwa kule juu. Lakini bado huwezi kuniambia kwamba kuvuta hewa ya jikoni ni kupumua.

Kwa wanaopenda ushahidi wa wakubwa: mwaka 1997 Colin McRae alishinda Safari Rally hapo Kenya na Impreza. Kanuni za mbio zile zililazimisha hewa yote ya injini ya lita 2 ipite kwenye tundu la kipenyo cha milimita 34 kabla ya turbo. Milimita 34! Weka rula uone. Na bado gari zile zilikuwa zinatoa farasi karibu 300. Bomba la stesheni ya braza ni pana karibu mara mbili ya hapo. Tena kwenye Safari walikuwa wanafunga bomba refu linalopanda hadi usawa wa paa, lengo likiwa hewa safi isiyo na vumbi na maji. Waliokuwa na hela ya kufanya lolote walihangaikia usafi wa hewa, sisi tunahangaikia mlio.

Kuhusu ile valvu ya pssss sitachukua muda. Inatupa nje hewa ambayo sensa imeshaihesabu na petroli yake imeshapangwa. Matokeo yake kila ukibadili gia petroli inazidi, moshi mweusi, na saa nyingine inazima ukifika kwenye taa. Ya kiwandani inairudisha hewa ndani, ndiyo maana iko kimya. Mlio ni mtamu, sikatai, hata mimi nageuka ikipita. Ila muuzaji aseme anauza mlio.

Ndugu yangu wa ghorofa ya pili, gari ya mjomba wako ina zaidi ya miaka 20. Ilitoka kiwandani na farasi zaidi ya 200, na wewe unalalamika haivuti. Unadhani zile farasi zilipotea kwa sababu boksi la filta liligeuka kuwa dogo? Ya braza ilikuwa inalalamika vilevile. Geji ya presha ya turbo ilikuwa inaishia 0.5. Mzee akaziba mdomo wa hewa, akaingiza upepo wa kompresa taratibu, akapaka povu la sabuni kwenye mipira yote, kama fundi baiskeli anavyotafuta pancha kwenye karai. Mpira mmoja nyuma ya turbo ukachemka mapovu. Una ufa wa kidole, upande wa chini, huuoni mpaka ulale. Mpira na klipu, 18,000. Presha ikapanda karibu na 0.8, na hapo ndipo nilipobamizwa na kiti kwa mara ya kwanza tangu niijue gari ile.

Kwa hiyo Jumamosi hela ianzie huko. Mipira yote, plagi, filta ya petroli, sensa ya hewa isafishwe na ile ya oksijeni ikaguliwe. Mkanda wa taimingi uuliza umri wake. Hizi injini ni za kubadilishwa mkanda kwenye kilomita 100,000, na ukikatika valvu zinakutana na pistoni, kwaheri. Usimwamini mtu anayesema "ulibadilishwa Japani". Rejeta na pampu ya maji pia. Na mwambie fundi apime kompresheni ya silinda zote nne kabla hujatoa hata mia ya urembo, maana silinda moja ikiwa chini sana hakuna koni duniani itakayokusaidia.

Ukishamaliza hayo na bado una hamu, na hela, basi usianzie mbele, anzia nyuma. Turbo inazungushwa na moshi, na bomba la moshi la kiwandani pale linapotoka kwenye turbo ndipo penye kubana kweli. Lakini hapo nakuomba sana: bomba likifunguka turbo inaweza kusukuma zaidi ya kompyuta inavyotarajia, kwa hiyo bomba na kuseti kompyuta ni kitu kimoja, si leo hiki na mwakani kile. Tena fundi anayeseti awe na kifaa cha kupima mchanganyiko wa petroli na hewa, siyo sikio lake. Gari hizi zilipangiwa petroli ya daraja la juu ya Japani, inayozunguka oktani 100. Ya vituo vyetu haifiki huko, kwa hiyo hata bila kuongeza kitu tayari uko karibu na ukingo. Anayekuahidi farasi 50 bila kuuliza unajaza wapi, muage.

Najua utaniambia nazeeka, kwamba gari ni raha, siyo mtihani. Sawa. Ila lile bumu ni la mpaka katikati ya muhula, na mjomba hakukuachia injini mbili.

Mzee wa gereji nimeshaongea naye, Jumamosi saa tatu asubuhi yupo, upimaji wa povu anafanya kwa 10,000. Mimi nakuja na manometa. Koni ile ya kwangu iko chini ya kitanda, nimeifunga kwenye mfuko wa rambo. Kama ni lazima uwe nayo njoo uichukue bure, uiweke mezani ushikie kalamu.