Kimashine kinapima ngozi, hakipimi ini

Najua nimekuwa kimya. Zamu za usiku zimefuatana, na joto ndiyo usiseme, ukitoka nje saa nane mchana unadhani mtu kafungua mlango wa tanuri la mikate. Lakini leo sikuja kulalamikia joto. Nina jambo moyoni, na huenda nikawaudhi wachache. Nivumilieni.

Wiki mbili zilizopita nilipigiwa simu usiku: shangazi kalazwa, sukari 24. Kumbe mwezi mzima hakumeza dawa. Kuna mtu alipita mtaani na kimashine. Unashika fimbo ya chuma mkono mmoja, yeye anakugusa kwa kalamu ya chuma kwenye ncha za vidole vya mikono na miguu, kompyuta inachora mistari. Akamwambia kongosho lake limepona, shida sasa ni ini, akamuuzia makopo mawili ya virutubisho. Shangazi katoka hospitali, alhamdulillahi. Nilipomuuliza kwa nini aliacha dawa alinijibu, "Mwanangu, mashine haisemi uongo."

Neno hilo halijanitoka. Kwa sababu shangazi ana haki kwa upande mmoja: mashine ile haikusema uongo. Umeme umepita kweli na namba imetoka kweli. Swali ni kwamba namba ile ni ya kitu gani.

Tuanzie mwanzo. Wachina wana tiba ya sindano, akupancha, ya miaka mingi sana. Wanasema mwilini kuna njia zisizoonekana, na juu ya njia hizo kuna vituo, na kila njia inahusiana na kiungo fulani kama ini, figo au moyo. Miaka ya 1950 ndipo watu walipoanza kuvitafuta vituo hivyo kwa umeme. Japani alikuwepo Yoshio Nakatani, Ujerumani daktari Reinhold Voll. Walisema kwenye vituo ngozi haiuzuii sana umeme, yaani ukinzani wake ni mdogo kuliko sehemu ya jirani. Voll akaenda mbali zaidi, akadai kwa kupima kituo unaweza kujua hali ya kiungo cha ndani. Kimashine cha mtaani kwetu kinatembea juu ya dai hilohilo.

Wanasayansi hawakulipuuza jambo hili. Mwaka 1975 Wamarekani Maria Reichmanis na Robert Becker walichapisha vipimo vyao, wakasema baadhi ya vituo vina tofauti, si vyote. Mwaka 2008 watafiti waliokuwa na Andrew Ahn wakakusanya tafiti zilizopo, wakapata 18 zinazofaa kuchambuliwa. Tisa kati ya hizo zilihusu vituo, na tano katika hizo tisa zikaona ukinzani mdogo. Mtu wa kuuza makopo ataishia hapo. Lakini watafiti wenyewe waliendelea kusema kwamba ubora wa tafiti nyingi ulikuwa mdogo, watu waliopimwa wachache, na kuna mambo mengi ya pembeni yanayovuruga kipimo. Kwa hiyo hawakukubali kuwa jambo limethibitika.

Mambo hayo ya pembeni kila muuguzi anayajua. Wodini napima umeme wa moyo, ECG, karibu kila siku. Umeme wa mwili ni kitu cha kweli, Mholanzi Willem Einthoven alipewa Nobel mwaka 1924 kwa kipimo hicho. Lakini mgonjwa akiwa na jasho, mafuta au nywele kifuani, karatasi inatoka na mistari ya ovyo. Ndiyo maana tunafuta, tunanyoa, tunabandika upya. Hakuna muuguzi mwenye akili anayeona mistari ile akakimbilia kumwambia mgonjwa moyo wako umeharibika.

Juzi nilimwomba jirani yetu, fundi wa AC, aniazime mita yake ya kupimia umeme. Nikajigusa kwenye kituo maarufu kati ya kidole gumba na cha shahada. Nilipogusa kidogo tu, mita ilisoma karibu laki tisa. Nilipokandamiza ikashuka laki tatu. Nilipolowesha kwa maji ikashuka zaidi. Kisha nikahamia pembeni, mahali pasipo na kituo chochote, nikafanya vilevile, namba zikacheza vilevile. Huo si utafiti, ni mchezo wa sebuleni, lakini mkono wa anayeshika kalamu nimeuona unavyofanya kazi.

Na hali ya hewa je? Huku Ibra, kama Nizwa, ukavu unapasua midomo. Nikienda Sur kwa rafiki yangu, mwendo wa saa mbili hivi, nikishuka tu garini ngozi inanata kwa unyevu wa bahari. Mtu akipimwa asubuhi Ibra na jioni Sur, ini lake ni lilelile. Kilichobadilika ni ngozi.

Sasa msiseme nadharau tiba za wazee. Hapa Omani watu wazima wengi wana makovu ya kuchomwa kwa chuma cha moto, na kuumika bado kupo. Hata sindano za Kichina zina watu zinaowapa nafuu. Ujerumani mwaka 2007 ulitolewa utafiti wa wagonjwa 1,162 wa maumivu ya mgongo. Waliochomwa kwenye vituo sahihi walipata nafuu asilimia 47, waliopata tiba ya kawaida asilimia 27. Lakini waliochomwa juujuu mahali pasipo vituo nao walipata asilimia 44! Yaani nafuu ipo, ila haionekani kutegemea sana kituo kiko wapi. Na maumivu ya mgongo ni jambo moja, sukari ni jambo jingine.

Kuna bibi mmoja nilimhudumia hapa, kazaliwa Unguja, Kiswahili chake kitamu kuliko changu. Ana kovu la moto tumboni. Nilimuuliza kama ulimsaidia. Akacheka, "Mwanangu, tumbo lilitulia. Lakini sindano yangu ya sukari siiachi hata siku moja." Natamani shangazi angekaa naye dakika tano.

Basi ombi langu ni hili. Anayekuja na kimashine mwambieni akupime mara mbili siku hiyohiyo, kisha mtu mwingine akupime kwa kimashine kilekile, na wote wawili wasiambiwe unaumwa nini. Majibu yakigongana, ujue kilichopimwa ni jasho na nguvu ya mkono. Halafu nenda zahanati ukapime tone la damu. Na hata ukiamua kununua makopo yake, hela ni yako, lakini dawa ya sukari au presha usiiache mpaka aliyekuandikia akwambie.

Mimi niko mbali. Siwezi kukaa barazani kila mtu wa namna hii anapopita, na simu ya usiku ikilia mkono unanitetemeka. Ninyi mlio karibu na wazee wetu ndio macho yangu. Wasomeeni haya.

Shangazi, nawe ukisomewa usinikasirikie. Nikija likizo nitakuletea haluwa ya Nizwa, uigawe kwa wajukuu, wewe uonje kidogo tu. Na nitahesabu vidonge vilivyobaki kwenye kopo.

Wenye maoni, hata ya kunipinga, karibuni.