Bandama la Bwana Moore

Mpwa wangu anapenda filamu za watu waliochezewa vinasaba maabara: leo binadamu, kesho chui, keshokutwa nyoka, na nyuma yao kampuni moja inayowamiliki kuanzia utosi hadi unyayo. Juzi nilikunja uso, akanicheka. "Mjomba, hizi hadithi tu."

Hadithi! Nawe msomaji unacheka naye, sivyo? Cheka. Ukimaliza, njoo nikupe habari za bandama.

Mwaka 1976 Mmarekani John Moore, mgonjwa wa saratani ya damu, alitolewa bandama katika hospitali ya chuo kikuu huko Los Angeles. Kisha kwa miaka mingi akawa anaitwa kutoka Seattle, anatolewa damu, anatolewa uboho, anatolewa hata manii. Maskini, akadhani ni matibabu. Kumbe daktari wake alikuwa akiotesha seli zake maabara, na mwaka 1984 zikapewa hataza. Hataza, ndugu yangu! Karatasi ya serikali isemayo kitu hiki kina mwenyewe, usikiguse. Mvumbuzi, daktari. Mmiliki, chuo. Kampuni zikaja na mikataba yao. Na Moore? Moore alikuwa malighafi.

Akashtaki. Mwaka 1990 Mahakama ya Juu ya California ikamwambia: daktari alikosea kukuficha, mdai kwa hilo, lakini seli zilizokwisha kukutoka si mali yako.

Zikiwa tumboni, zako. Zikivuka mlango wa chumba cha upasuaji, zina bwana mwingine.

Mlango wenyewe ulikuwa umefunguliwa mwaka 1980, majaji 5 dhidi ya 4, pale Mahakama ya Juu ya Marekani iliporuhusu hataza juu ya bakteria aliyebadilishwa na mtaalamu wa General Electric ili ale mafuta. Bakteria tu, wakasema watu. Mwaka 1988 akaja panya wa Harvard, aliyetengenezwa makusudi apate saratani. Panya tu. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba kinajaa sisi tunakoroma.

Najua, utaniambia mwaka 2013 mahakama hiyohiyo ilikataa hataza juu ya kinasaba cha asili. Kweli. Ila kilichotengenezwa maabara, ikakiruhusu. Na sheria yao ya 2011 inakataza hataza juu ya binadamu. Kweli tena. Basi mwili umebaki wako. Ufunguo wa kuugeuza ndio wenye mwenyewe. Umefurahi?

Muulize mama mwenye mtoto wa selimundu. Mwishoni mwa 2023 Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba iitwayo Casgevy: seli za mgonjwa zinatolewa, vinasaba vyake vinahaririwa, zinarudishwa mwilini. Mtu anageuka, kama kwenye filamu za mpwa wangu, na wengi waliotibiwa wamepumzika na yale maumivu makali. Sayansi tamu! Bei yake Marekani ilipoidhinishwa: dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja.

Selimundu inaumiza wapi? Kwetu. Mtoto analia usiku kucha, mifupa inamchoma, mama anapasha maji moto na kusugua. Auze ng'ombe wangapi? Auze kijiji kizima na makaburi yake?

Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Hili la hataza halitujui hata kwa jina. Linatujua kwa namba ya chupa ya damu.

Na wewe, fomu ya mwisho uliyowekewa mbele hospitalini ulisoma nini ndani yake? Nyamaza, najua. Hukusoma. Nguo ya mtumba unaikagua mshono kwa mshono, unaigeuza nje ndani, unabishana hadi jasho likutoke; damu yako unaitoa bila swali.

Wala mimi si shujaa. Mwezi uliopita, katika hospitali nisiyoitaja, nilitolewa chupa tatu za damu, moja ikiwa "ya utafiti". Utafiti gani? "Saini hapa, mzee, foleni ndefu." Kurasa nne, Kiingereza cha mawakili, herufi kama sisimizi. Nikasaini.

Wiki iliyofuata nilirudi kuomba nakala. Nikaambiwa fomu zilishapelekwa pamoja na chupa. Zimepelekwa wapi? Nesi akamtazama mwenzake, mwenzake akatazama dirishani.