Kabla mashine haijagusa uso wako

KAMA unanuia kusuguliwa uso kwa mashine, huduma iitwayo mikrodamabresheni, fahamu kuwa usalama wako huanza kabla ya stima kuwashwa. Mashine hii hukwangua ngozi ya juu iliyokufa kwa chembe ndogo ngumu au ncha ya almasi, huku ikiifyonza.

Kwanza, mweleze mtaalamu wa urembo kila unachopaka na kumeza. Kama ulimeza vidonge vya isotretinoini kutibu chunusi, mwone daktari kwanza. Ushauri wa kawaida ni kungoja miezi 6. Krimu ya tretinoini iache siku kadhaa kabla.

Wala usione haya kutaja krimu za kujichubua. Zenye zebaki, haidrokwinoni au steroidi zilipigwa marufuku nchini mwaka 1998, lakini bado zinauzwa vichochoroni. Steroidi hupunguza unene wa ngozi, ikawa rahisi kuchubuka.

Pili, ahirisha ikiwa una chunusi zilizoiva, vidonda vya homa mdomoni au uso uliochomwa na jua. Usinyoe wala kung'oa nywele za uso wiki hiyo.

Tatu, hakikisha ncha ya mashine imetakaswa au ni mpya, na ijaribiwe kwanza sehemu ndogo karibu na sikio.

Ngozi nyeusi ikijeruhiwa huacha madoa yanayoweza kudumu miezi. Kwa hivyo, baadaye epuka jua na upake krimu ya kulikinga, SPF 30 au zaidi.

Na saluni isiyokuuliza swali lolote, ondoka. Uso hauna spea.