Uzamivu Uswidi: Ni Kazi, si Karo



Alitujia mama mmoja wa Mji wa Kale, Mombasa, moyo umemjaa wasiwasi. Binti yake amehitimu shahada ya uzamili na anatamani kuendelea na utafiti Ulaya. Baba mtu ameazimia kuuza shamba la minazi la urithi, nao ami za binti wamekataa katakata. Mtu mwingine amewashauri wakope kwa riba. "Tufanyeje?" alituuliza. Tukamjibu: msiuze kitu wala msikope, kwanza tusikilizaneni.

Nchini Uswidi, masomo ya uzamivu hayana karo, hata kwa mgeni atokaye nje ya Ulaya. Karo iliyoanzishwa mwaka 2011 kwa wageni hao ni ya shahada ya kwanza na ya uzamili. Mtafiti wa uzamivu, aghalabu, huajiriwa na chuo chenyewe, akalipwa mshahara kila mwezi na kukatwa kodi kama wafanyakazi wengine. Muda wake ni miaka 4, nao hufikia 5 iwapo anasaidia kufundisha.

Hapa ndipo wengi wetu tunapopotea njia: tunatafuta nafasi hizi katika kurasa za usajili wa wanafunzi, ilhali zimo katika kurasa za ajira za vyuo. Tazameni Uppsala, chuo kilichoasisiwa mwaka 1477, na Lund, Stockholm na Gothenburg. Kwa mambo ya tiba, Karolinska. Matangazo hutoka mwaka mzima, na kila moja hueleza mradi, sifa zinazotakiwa na tarehe ya mwisho. Barua ya maombi iandikwe kwa ajili ya tangazo hilo hilo, ioneshe jinsi tasnifu ya uzamili inavyohusiana na mradi. Walimu watakaomshuhudia waombwe mapema, si usiku wa kuamkia tarehe ya mwisho.

Akitokea wakala anayedai fedha ili "apitishe jina", mfungieni mlango. Nafasi hizi hushindaniwa; haziuzwi.

Na ndoa je? Mume na watoto huweza kuombewa kibali cha kuishi pamoja na mtafiti. Akijifungua akiwa huko, wazazi hugawana siku 480 za likizo yenye malipo, na muda wa masomo husogezwa mbele. Kwa hiyo, binti asilazimishwe kuchagua baina ya elimu na nyumba yake.

Wala njia hii si ngeni kwa watu wa pwani. Abdulaziz Lodhi, mzaliwa wa Zanzibar, alifundisha Kiswahili Uppsala hadi akawa profesa. Tasnifu yake ya mwaka 2000, aliyoitetea Gothenburg, ilichunguza athari za lugha za Mashariki katika Kiswahili, lugha tunayoizungumza majumbani mwetu.

Hatuahidi wepesi. Tangazo moja huvutia waombaji wengi kutoka pande zote za dunia, na kukataliwa ni sehemu ya safari. Binti wa mama yule ameomba mara 3. Mara 2 amekataliwa, na la tatu angali akilingojea jibu. Lakini shamba halijauzwa, deni halijaingia nyumbani, na ami zake sasa ndio wanaomuulizia kila Ijumaa kama barua imefika.

Mwenyezi Mungu amfungulie yeye na mabinti zetu wote milango ya heri.