Kabla ya kuonja divai Naivasha, uliza dereva amekula nini

Likizo zinapokaribia huwa napata wagonjwa wa aina mbili katika kliniki yangu hapa Spring Valley. Kuna wale wanaokuja kuomba vidonge vya kuzuia malaria kwa sababu wanaelekea Mombasa. Halafu kuna wengine, ambao wanazidi kuongezeka, wanaokuja kupimwa presha tu, kisha wakishafika mlangoni wanageuka na kuuliza: "Daktari, tunaenda Naivasha wiki moja, na siku moja tungependa kwenda kuonja divai. Kuna ubaya?"

Ubaya haupo. Mtu mzima asiye mgonjwa, asiye mjamzito na asiye na historia ya kushindwa na pombe, akienda kuona jinsi zabibu inavyogeuka kuwa divai hajakosa. Kinachonitia wasiwasi ni mipango yenyewe. Watu hupanga hoteli, hupanga nguo, hupanga hata mahali pa kupigia picha, lakini mambo mawili yanayoweza kuwaua hawayapangi kamwe, nayo ni nani atakayeshika usukani na nani atakula saa ngapi.

Zamani mkazi wa Nairobi akitaja divai alikuwa na maana ya chupa iliyotoka ng'ambo, au ile ya mapapai ambayo wazee wangali wanaikumbuka, wengine bila furaha. Siku hizi mizabibu inakuzwa Morendat, karibu na mji wa Naivasha, na divai yake huuzwa kwa jina la Leleshwa, kile kichaka chenye majani ya kijivu na harufu kali ambacho kimetapakaa Bonde la Ufa. Kutoka hapa ni mwendo wa kilomita 90 hivi. Wenye mifuko mizito zaidi huenda Stellenbosch na Franschhoek, hasa tangu Januari 2023, Wakenya walipoondolewa viza ya kuzuru Afrika Kusini kwa muda mfupi. Na wako wanaopendelea Dodoma, ambako mizabibu huvunwa mara 2 kwa mwaka na ambako tangu 2024 mtu hufika kwa treni ya umeme kutoka Dar es Salaam. Divai ipi ni bora kuliko nyingine, waulize wajuzi. Mimi nitazungumzia safari ya kurudi.

Nitakusimulia kisa kilichonipata mwenyewe, wala si kisa cha kujivunia. Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa familia 2 zilizokodi nyumba karibu na Ziwa Naivasha katika likizo ya Agosti. Siku ya kurudi Nairobi tulipanga tupitie shamba moja tuonje divai, tule chakula cha mchana hapo hapo, halafu tushike njia ya Mai Mahiu hadi nyumbani. Tulijiona watu wenye busara sana, maana tulikuwa tumekubaliana kwamba hakuna mzazi aliyeonja atakayeendesha gari. Jirani yangu alikuwa na dereva, mzee wa miaka 50 na ushei, mtu mtaratibu asiyependa pombe.

Basi tukaonja. Tukala nyama choma na jibini. Mzee alibaki kwenye gari, chini ya mgunga, akilinda mizigo yetu. Hakuna aliyemnyima chakula. Kila mmoja wetu alidhani mwenzake amempelekea sahani. Saa 10 alasiri, tulipokuwa tukiingia garini, mmoja wetu akaona si haki mzee akeshe juani siku nzima bila hata kuonja, akamletea glasi moja. Mzee, kwa adabu, akaipokea na kuimaliza. Nilimwona akiinywa, na sikusema neno.

Tulipoanza kupanda ukuta wa Bonde baada ya Mai Mahiu, gari likaanza kugusa mstari wa katikati, upande ule ambao malori huteremkia. Mara ya kwanza nilinyamaza. Mara ya pili jirani yangu akamkemea. Mzee akajibu maneno yasiyo na kichwa wala miguu. Shati lake lilikuwa limelowa jasho chapachapa, ilhali kule juu kuna baridi. Tukamsimamisha kwa nguvu pale wanapouza ngozi za kondoo, na hapo jirani akaanza kumfokea kwamba mtu mzima analeweshwaje na glasi moja. Nami nikaunga mkono.

Msomaji, mimi ndiye niliyekuwa nikimtibu mzee yule ugonjwa wa kisukari. Mimi ndiye niliyemwandikia vidonge vya glibenklamaidi, ambavyo wagonjwa wengi huviita Daonil. Jasho, kutetemeka, maneno ya ovyo, hasira za ghafla: dalili hizo siku nyingine yoyote ningezitambua nikiwa nusu usingizini. Lakini siku hiyo nilikuwa na divai kichwani, na nilichokiona mbele yangu ni mlevi. Aliyeuliza swali la maana ni mke wangu, ambaye hakuwa ameonja hata tone: "Huyu mzee amekula nini leo?"

Alikuwa amekunywa chai na kipande cha mkate, saa 1 asubuhi.

Vidonge vya aina ile hulilazimisha kongosho kutoa insulini, uwe umekula au hujakula. Tumbo likiwa tupu, ini ndilo hujaribu kuokoa hali kwa kutengeneza sukari na kuimwaga kwenye damu. Pombe nayo hulizuia ini kufanya kazi hiyo. Kwa hiyo glasi ile ya hisani ilifunga mlango wa mwisho uliokuwa wazi. Tulimnunulia soda mbili za kawaida, si zile zisizo na sukari, na baada ya robo saa hivi akaanza kutuuliza kwa nini tumesimama. Mke wangu akashika usukani hadi Nairobi, na mzee akalazwa usiku huo, kwa sababu dawa ile hukaa mwilini muda mrefu na sukari huweza kushuka tena baada ya soda kwisha nguvu. Wengi hawajui hilo. Humpa mgonjwa soda, wakamwona amezinduka, wakaendelea na safari. Na kama amezimia kabisa usimmiminie chochote kinywani, kwani kitaingia mapafuni. Mlaze ubavu na umkimbize hospitalini.

Tangu siku ile nimejiuliza ni watu wangapi wa kisukari walioachwa walale garini "pombe iwatoke".

Sasa tuhesabu kidogo. Watu huniambia, "Lakini Daktari, kuonja si kunywa." Chukua divai ya nguvu ya asilimia 13, na tuseme unaonja aina 6, kila moja mililita 50, ambazo ni kama funda tatu hivi. Jumla ni mililita 300, na ndani yake mna mililita 39 za kileo kitupu. Chupa ya Tusker ya nusu lita ina nguvu ya asilimia 4.2, yaani mililita 21 za kileo. Kwa hiyo yule aliyeonja tu aina 6 amekunywa Tusker karibu 2. Akipitia mahali pawili ni karibu 4, na bado hajaagiza glasi ya chakula cha mchana. Mwili wa mtu wa kawaida huondoa mililita kama 10 za kileo kwa saa. Kahawa haiharakishi jambo hilo, wala maji baridi usoni, wala kufungua dirisha la gari. Huko Afrika Kusini sheria hairuhusu dereva wa kawaida kufikisha gramu 0.05 za kileo katika mililita 100 za damu, na wa magari ya biashara gramu 0.02. Mwanamke mwenye mwili mdogo anaweza kuupita mpaka wa kwanza kabla hajamaliza hizo aina 6.

Dawa yake ipo na haigharimu kitu. Ni kutema. Wanaoonja divai kwa kazi, ambao huonja makumi ya aina kwa siku, hutema karibu yote, na katika sehemu nyingi za kuonjea utaona ndoo au chombo mezani kwa ajili hiyo. Najua kwetu jambo hili ni gumu. Tulilelewa kwamba kikombe ulichopewa na mwenyeji hakirudishwi, na kutema ulichokaribishwa ni matusi. Lakini mwenye kiwanda cha divai hatakasirika. Yeye mwenyewe hutema. Hata hivyo sitaki ukadhani kutema kunakuruhusu kuendesha gari, kwa maana kiasi fulani hupita kooni na kingine huingia kupitia ngozi laini ya kinywa. Dereva asionje kabisa.

Kuna dawa nyingine ambazo hazipatani na safari hii. Anayemeza Flagyl asionje mpaka siku 3 zipite baada ya kidonge cha mwisho, kwani wako waliotapika na kupigwa na mapigo ya moyo ya kasi. Piriton ya mafua, ambayo kila nyumba inayo, ikichanganyika na divai humlaza mtu kama mtoto mchanga. Walio kwenye dawa za kifua kikuu, za kifafa au za usingizi waulize daktari wao kabla ya kulipia chochote. Kwa mama mjamzito jibu langu ni fupi: maji ya matunda.

Halafu kuna wale wanaoniambia wanaenda Naivasha kutafuta dawa ya moyo. Imani hiyo ilipata nguvu mwaka wa 1991, kipindi cha televisheni cha Marekani, "60 Minutes", kilipodai kwamba Wafaransa hula mafuta mengi lakini mioyo yao ni mizima kwa ajili ya divai nyekundu. Mauzo yakapanda, na sisi madaktari tukaulizwa swali hilo kwa miaka 30. Januari 2023 tawi la Ulaya la Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba hakuna kiwango cha pombe kisicho na madhara yoyote kwa afya. Ukipenda divai, inywe kwa sababu unaipenda. Usiniombe niiandike kwenye cheti.

Ukipanga safari yako, piga simu mapema uhakikishe kwamba wageni wanapokewa siku hiyo, na nenda mahali pamoja tu. Kula kabla ya kuonja. Kunywa maji baada ya kila aina, maana jua la Naivasha na kileo vyote hukausha mwili. Ukiweza, lala huko huko uondoke kesho yake asubuhi. Na dereva, awe wa kuajiriwa au shemeji aliyejitolea, aketi mezani nanyi na sahani yake ije ya kwanza. Muulize kwa heshima na kwa faragha kama kuna dawa anayomeza. Wafanyakazi wengi huficha kisukari wakiogopa kupoteza kazi, nasi waajiri tumewapa sababu ya kuogopa.

Mzee yule angali anaendesha gari la jirani yangu. Nilimbadilishia dawa, na siku hizi ninapoandika cheti huuliza kwanza mtu hula saa ngapi. Desemba iliyopita tulikwenda naye tena. Aliketi kati ya watoto, akala, akanywa maji yake. Aliponiona nikitema kwenye ndoo alicheka mpaka akatoa machozi, akaniuliza kama ni kweli nimelipa pesa zangu ili niteme.